Baridi ya Arusha: nunua nini kwanza, na kwa nini uangalie lile ua kwenye chupa ya mpira

Mwaka jana mwezi wa saba mama alikuja kwangu Sakina kutoka Kibosho, kesho yake ana kliniki, na usiku ule baridi ya Meru ilikuwa imeshuka yaani unaikanyaga kwenye sakafu. Nikachemsha maji nikamjazia chupa ya mpira niliyoinunua wiki hiyo hiyo mjini Sh 15,000, mpya kabisa ndani ya nailoni yake, nikaizungushia kitenge nikamwekea miguuni. Saa tano usiku nasikia ananiita. Chupa ilikuwa imepasuka kwenye mshono wa pembeni, maji yote yako kwenye godoro na kwenye mguu wake wa kushoto, na mama ana kisukari, miguu imekufa ganzi, kwa hiyo alichosikia kwanza ni godoro kulowa, mguu wenyewe hakuusikia. Kile kidonda tumekiuguza mpaka mwezi wa tisa.

Nilivyorudisha chupa dukani kaka muuzaji akaniambia umeweka maji ya moto sana dada, waranti hakuna. Nikabaki nimeishika naigeuzageuza, ndo nikaona karibu na shingo kuna kiduara kimechongwa kama ua, na katikati kuna namba 14.

Hilo ua ndo limenifanya niandike, maana tangu baridi ianze kila siku napata meseji za "dada ninunue hita gani" na hakuna hata mmoja anayeuliza habari ya hilo ua.

Ua ni tarehe ya kutengenezwa. Namba ya katikati ni mwaka, petali ziko 12 kwa ajili ya miezi, na vidoti ndani ya petali vinaonyesha wiki. Unahesabu petali zenye vidoti, ya mwisho ndo mwezi ilipotoka kiwandani. Ni utaratibu wa kiwango cha Uingereza, na chupa nyingi nzuri zinakuwa nalo hata zikiuzwa huku. Yangu ilikuwa ya 2014! Zaidi ya miaka kumi mpira umekaa kwenye maboksi na kwenye vioo vya maduka unapigwa na jua, na raba inazeeka hata kama haijawahi kuguswa na maji, inakakamaa, inaanza kupasuka vimstari vidogo ambavyo huvioni mpaka uikunje. Ikunje kabla hujalipa. Ukiona vimstari kwenye mkunjo au karibu na kizibo, rudisha. Na hata ukiipata mpya, miaka miwili mitatu inatosha, tupa ununue nyingine.

Kwenye orodha yangu namba moja ni chupa ya mpira, na mi sifichi, nachukua Fashy ya Ujerumani. Siyo raba ya kawaida, ni plastiki laini, haina ile harufu ya tairi, na kizibo chake kinakaza vizuri, ukiigeuza kichwa chini hata tone halitoki. Niliipata kwenye duka la dawa, bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza na sijajuta hata siku moja. Zile za bei rahisi za kupanga chini barabarani, kama haina ua achana nayo, sina la kuongeza.

Kwa nini naipa nafasi ya juu kuliko hita? Fanya hesabu na mimi. Kuchemsha lita moja na nusu kwa birika la umeme haizidi sana sehemu ya saba ya uniti moja, kwa hiyo chupa moja kila usiku mwezi mzima ni kama uniti tano. Hita ya wati 2000 ukiiwasha kwa muda wa saa tatu tu, ni uniti sita kwa usiku mmoja. Mi nanunua uniti Sh 356, hiyo ni Sh 2,136 kila usiku, mwezi Sh 64,080, na bado hujapika, hujapiga pasi, hujalipia kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Na wale mlioko kwenye tarifa ndogo ya umeme, ile ya watumiaji wadogo, uniti 75 za mwanzo wa mwezi Sh 100 kila moja kabla ya kodi, ndo mnaumia zaidi, kwa sababu hita peke yake inazimaliza uniti zote 75 usiku wa kumi na tatu, baada ya hapo kila uniti ni Sh 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo miezi kadhaa unaweza kutolewa kabisa kwenye hiyo tarifa. Mama mmoja wa Ngarenaro mwenye vyumba viwili aliniandikia hita ameshaifunika kitambaa inakaa kama kabati. Alikopa kwenye kikoba kuinunua.

Ukijaza usijaze mpaka juu, theluthi mbili tu, maji yaliyochemka yaache yapoe kidogo, kamua hewa itoke kabla ya kufunga. Mwenye kisukari, mtoto mdogo na mtu mzima sana usimwachie kitandani, pasha shuka nusu saa halafu itoe ndo alale. Hili ningelijua mapema.

Namba mbili ni blanketi zito, na hapa mitumba inashinda dukani. Nenda soko la mitumba la Memorial kule Moshi asubuhi, shika kwa mkono, lisikie uzito, lishike kwenye mwanga uone kama linapitisha. Yale mapya yenye maua makubwa yanang'aa sana lakini mengine ukilifua mara mbili limebaki shuka.

Namba tatu sio kitu cha kuwasha, ni siling bodi. Najua ni hela. Lakini nyumba zetu nyingi ni bati tupu juu, joto lote linapanda linatokea kwenye bati, dirisha la vioo vya kupangana halifungi, chini ya mlango panya anapita. Kama huwezi siling mwaka huu, kunja gunia au nguo nzito weka chini ya mlango na pazia lishuke mpaka sakafuni, utaona tofauti usiku huo huo.

Hita ya mafuta, ile ya umeme yenye mafuta yaliyofungiwa ndani, ndo namba nne, na ni kwa mwenye siling tu. Muuzaji atakwambia hii haili umeme, inajizima yenyewe. Inajizima chumba kikifika joto ulilopanga, sasa chumba cha bati tupu kitafika saa ngapi? Inawaka usiku kucha. Wati 1500 ni wati 1500, ziwe za mafuta au za feni. Zile za feni na za nyaya nyekundu nimeziweka mwisho, na chochote utakachonunua usikichomeke kwenye ekstensheni nyembamba, inayeyuka.

Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala silipangii namba. Mkaa hata ukiwa mwekundu hauna moshi unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anasinzia haamki. Kila baridi tunasikia familia imekutwa asubuhi imelala moja kwa moja. Jamani litoeni nje, hata kama mtoto analia baridi, mlete kitandani kwenu mlale naye.

Sasa wenye maduka. Mwezi wa tatu hita zimejaa vumbi, hakuna anayeziangalia, mwezi wa sita zinapanda bei na blanketi zinapanda nazo, kitu ni kile kile, mzigo ule ule. Boksi linasema wati 1000, geuza mgongo wa hita usome lebo, imeandikwa 2000. Ukiomba ufungue boksi ananuna. Ukiomba risiti ya EFD anakwambia bei inabadilika. Kwa nini ibadilike? Na waranti ni "jaribu hapa hapa", ukivuka kizingiti imekuwa yako. Mama wa Ngarenaro alivyojaribu kuirudisha ile hita aliambiwa tatizo ni umeme wa nyumba yake.

Kwa hiyo nenda na mtu, simama pale pale dukani, toa chupa kwenye nailoni na utafute ua kwa tochi ya simu. Wakinuna wanune. Wiki iliyopita nimepitia maduka manne pale mjini, matatu chupa zao hazina ua kabisa, la nne lilikuwa na ua lina namba 17 katikati, nikamwonyesha dada wa kaunta, akaenda kuzitoa zote kwenye shelfu.