Uzamili wa usalama wa kimataifa mtandaoni: kabla hujalipa, uliza habari ya tasnifu

Msomaji mmoja wa Mtwara, mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali, ameniandikia kwa hasira, na hasira yake naielewa. Amesoma uzamili wa masuala ya usalama kwa mtandao katika chuo cha Uingereza ambacho sitakitaja. Ada amemaliza, moduli zote amefaulu, imebaki tasnifu. Akapeleka pendekezo la kuwahoji vijana na wazee wa vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma, kule ambako wapiganaji wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, walivuka Oktoba 2020 wakaishambulia Kitaya. Kamati ya maadili ya utafiti ikamrudishia fomu: eneo hilo limo kwenye ukanda ambao serikali ya Uingereza inawashauri raia wake wasiende ila kwa lazima, bima ya chuo haifiki huko, tafuta mada nyingine.

"Wasiende wapi, dada? Mimi ndiko ninakoishi."

Barua za namna hii zinazidi kunijia, nyingine za watu wa Lamu na Garissa, na wote wanauliza kitu kilekile: sasa nifanye nini? Ukishafika hapo hakuna la maana la kufanya. Kuuliza kunatakiwa kuje kabla ya kulipa, ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa ajili ya wale ambao bado wana pesa zao mfukoni.

Nafasi ya chuo katika orodha za ubora duniani sitaigusa, hiyo kila mtu anaijua kabla hata ya kujua jina la kozi. Ithibati nayo naimaliza haraka: kama uko Tanzania, hakikisha TCU, tume ya vyuo vikuu, wanaitambua shahada ya chuo hicho ikisomwa kwa masafa, na Kenya uliza CUE, tume ya huko ya elimu ya vyuo vikuu. Uliza kwa maandishi, tunza majibu. Tuendelee.

Theluthi ya pesa yako

Uzamili wa Uingereza una krediti 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni tasnifu. Yaani theluthi moja ya unachonunua ni kile kitabu cha mwisho. Ajabu ni kwamba kwenye vipeperushi utasoma kurasa nzima za majina ya moduli, picha za maktaba ambayo hutaingia kamwe, na maneno ya wahitimu waliofurahi, halafu tasnifu inapewa mistari miwili: "utaandika kazi huru chini ya usimamizi." Huru kwa nani?

Mtu wa Birmingham anayesoma usalama wa Afrika Mashariki anatumia vitabu na ripoti, basi. Sisi faida yetu pekee juu yake ni kwamba tuko hapa. Tunawajua watu, tunajua lugha, tunaweza kukaa kibarazani na mzee aliyeona wakimbizi wakivuka mto. Chuo kikikuzuia usifanye mahojiano, kimekunyang'anya hiyo faida na kukuacha unashindana na mwenzako kwa kusoma makala zilezile anazosoma yeye, kwa intaneti mbovu kuliko yake.

Sasa sikiliza inavyokwenda. Vyuo vingi vya Uingereza vinapima hatari ya utafiti kwa kutumia ushauri wa safari wa wizara yao ya mambo ya nje. Ushauri huo umekuwa ukitaja ukanda wa kilomita 20 kutoka mpaka wa Tanzania na Cabo Delgado, na upande wa Kenya maeneo ya karibu na mpaka wa Somalia. Ramani ile ilichorwa kwa ajili ya mtalii mwenye begi mgongoni. Fomu ya chuo haina kisanduku cha mtu ambaye nyumba yake imo ndani ya eneo lililopakwa rangi ya onyo. Kamati nyingine zina akili ya kuliona hilo, zinakuuliza maswali ya ziada na kukupitisha. Nyingine zinafuata rangi.

Hapo bado hujafika kwenye vibali vya kwetu. Tanzania Bara utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kenya ni NACOSTI, tume ya huko ya namna hiyo, Zanzibar ina utaratibu wake. Wote hao wanataka barua ya utambulisho kutoka chuoni, yenye nembo, saini na jina la msimamizi. Barua pepe ya "Dear student" haifai. Nimeona mtu akizungushwa kwa wiki nyingi kwa sababu ofisi ya wanafunzi wa mtandaoni haikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini. Kisha ukishapata kibali unashuka mkoani, wilayani, kata, mtendaji wa kijiji, kila mmoja anataka nakala, na ukitaja neno usalama mbele ya mtendaji, utasubiri hadi apige simu.

Jambo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Kozi hizi zinakupa usome machapisho ya makundi ya kigaidi. Mwaka 2008 mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Rizwaan Sabir, alikamatwa na kukaa mahabusu karibu wiki nzima kwa sababu ya mwongozo wa al-Qaeda aliokuwa ameutafuta kwa ajili ya utafiti wake, hati iliyokuwa ikipatikana kwenye tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Aliachiwa bila mashtaka, na 2011 polisi wakamlipa fidia. Hiyo ni Uingereza, mwanafunzi yuko chuoni kwake, na walimu wake wako jengo la jirani. Wewe uko Kahama na laptopu ya ofisi, Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, Kenya ina ya 2012, na chuo chako kiko umbali wa ndege mbili. Tangu 2012 vyuo vya Uingereza vina mwongozo wa pamoja unaovishauri kusajili tafiti za aina hii na kuhifadhi nyenzo nyeti kwenye seva ya chuo badala ya kompyuta ya mwanafunzi. Swali lako ni moja tu: je, mwanafunzi wa masafa anaingia kwenye usajili huo? Wakikujibu "tutakuunganisha na idara husika" na idara husika isijitokeze, umeshajua.

Orodha yangu

Nimepanga kwa kigezo hicho cha tasnifu, na kwa mapenzi yangu pia. Sifichi.

1. Leicester. Hawa nawapendelea, semeni mtakavyo. Wamekuwa wakiwafundisha polisi, maafisa wa usalama na watu wa misaada kwa masafa tangu enzi za karatasi zinazotumwa kwa posta, kupitia kituo kilichoitwa Scarman, kwa jina la yule jaji Lord Scarman aliyeongoza uchunguzi wa ghasia za Brixton, London, za 1981. Kozi yao ya Security, Conflict and International Development ilijengwa kwa ajili ya watu walioko kazini kwenye nchi zenye migogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa wakiwapa wanafunzi iPad yenye masomo yote ndani, kwa kuwa walijua wengine wako mahali ambako intaneti inakuja na kuondoka. Mtu aliyefikiria hilo ameshawahi kumfikiria mwanafunzi asiyekaa London. Mada zao pia ndizo zetu: mageuzi ya polisi na jeshi baada ya vita, kuwarudisha wapiganaji uraiani, haki baada ya mgogoro. Kabla ya kuomba, thibitisha kwamba kozi unayoitaka inapokea watu mwaka huo, maana vyuo vya Uingereza siku hizi vinafunga kozi kama maduka ya mtaani. Maswali yangu ya tasnifu wapelekee na wao vilevile, kupendwa na mimi si kinga.

2. King's College London. Idara ya War Studies, yaani masomo ya vita, aliyoijenga mwanahistoria Michael Howard miaka ya 1960, ndilo jina kubwa kuliko yote kwenye fani hii, na mtu wa jeshi akiliona kwenye wasifu wako hahitaji maelezo. Walikuwa kati ya wa kwanza kuipeleka fani mtandaoni na shahada ya War in the Modern World. Ninachokipenda kwao ni uzoefu wa kusimamia mada nyeti. Nisichokipenda ni bei. Pia soma vizuri jina la kozi: kuna tofauti kati ya kozi inayofundishwa na War Studies na kozi ya mahusiano ya kimataifa iliyopambwa kwa neno usalama.

3. St Andrews. Kama shida yako ni ugaidi tu, kituo chao cha utafiti wa ugaidi, CSTPV, kipo tangu 1994 na kozi ya masafa ya Terrorism and Political Violence inatoka hapo. Ni nyembamba, kwa makusudi. Kwa mtu anayetaka kuandika juu ya Al-Shabaab ningewaweka hata juu ya King's. Kwa mtu anayetaka usalama wa bahari, chakula au mipaka, aachane nayo.

4. Johns Hopkins. Shahada ya Global Security Studies inatolewa na kitengo cha Advanced Academic Programs. Si SAIS, ile shule yao maarufu ya diplomasia, ingawa wakala atakuacha uamini hivyo. Ni kozi nzuri, hasa kama unataka uchumi wa nishati na usalama. Ila kwa kozi yoyote ya Marekani, uliza kama kuna vipindi vya moja kwa moja: saa 12 jioni ya Washington wakati wa baridi ni saa 8 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Kuna watu wanaweza. Mimi nina watoto wanaoamka saa 11.

Za bei nafuu: UNISA ya Afrika Kusini, ambao wamefundisha kwa masafa tangu 1946, wana idara ya kriminolojia (elimu ya uhalifu) na sayansi ya usalama, na mahojiano ya uwanjani Afrika kwao si muujiza, lakini uzamili wa utafiti unataka mtu mwenye nidhamu ya peke yake. American Military University ni nafuu kwa viwango vya Marekani, ni chuo cha kampuni ya biashara, na kina ithibati halali. Ukitaka kuonja tu kabla ya kuingia, chuo cha Leiden cha Uholanzi wana kozi ya ugaidi kwenye Coursera, tovuti ya kozi fupi, utaisoma wiki chache na utajua kama fani inakufaa.

Hawa wauzaji

Niseme na hili maana limenikaa kooni. Yule "mshauri wa udahili" anayekupigia WhatsApp kila Jumatatu, mara nyingi si mtu wa chuo. Ama ni wakala wa mjini anayelipwa kwa kila kichwa, ama ni mfanyakazi wa kampuni inayoendesha kozi za mtandaoni kwa niaba ya vyuo na kugawana ada. Kubwa kati ya kampuni hizo, 2U ya Marekani, iliomba kinga ya kufilisika Julai 2024, kwa hiyo msidhani ni watu wa kudumu. Mshauri huyo ukimuuliza ada anajibu ndani ya dakika mbili, na punguzo la "wiki hii tu" juu. Muulize kuhusu kamati ya maadili, utasikia kimya. Mwombe barua pepe ya mratibu wa tasnifu, mwalimu mwenye jina, na uandike mwenyewe: naishi mahali fulani, nataka kuwahoji watu wa aina fulani, je, mwaka jana mlimpitisha mwanafunzi wa masafa kwa utafiti kama huu, na nani atasaini barua ya COSTECH?

Na malipo. Unalipa kwa pauni kupitia benki yako, benki ya katikati inakata chake njiani, pesa inafika pungufu kwa pauni 15, na mfumo wa chuo unakuandika mdaiwa na kukufungia moduli. Mwambie karani makato yote yawe juu yako, kwenye fomu kuna alama ya OUR, na simama hapo hadi uone ameiweka. Chuo kikikubali malipo ya moduli moja moja, chukua hiyo hata kama wanakupa punguzo kwa kulipa yote. Hilo punguzo ndilo linalokufunga mikono siku ukitaka kuondoka.

Mawakala pia watakutuma uombe Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Chevening hailipii masomo ya masafa, inataka mtu ahamie Uingereza asome muda wote. Kinachotakiwa ni Commonwealth Distance Learning Scholarships, ambazo zinalipa ada ya uzamili kwa mtu anayebaki nyumbani, na amani na usalama ni moja ya mada zao sita. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamo. Si kila chuo wala kila kozi imo, na orodha inabadilika kila mwaka, kwa hiyo anza na orodha ya kozi kisha ndipo uchague chuo, hata kama itamaanisha Leicester wangu wakae pembeni.

Yule wa Mtwara amebadilisha mada. Anaandika kuhusu ujumbe wa SADC nchini Msumbiji, 2021 hadi 2024, kwa kutumia nyaraka za mtandaoni.