Mashine ya kupigia sidii: ukiwa Mbeya nunua ipi?

Mama ana boksi la sidii za kwaya, limekaa kabatini toka redio yake ife, na mwezi wa saba nikapewa kazi ya kumtafutia mashine nyingine. Nimezunguka Mwanjelwa siku tatu na baridi ile mnayoijua, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjatoa hela.

Namba moja kwangu ni deki ya DVD ya kawaida tu. Najua kuna watakaocheka ila deki inapiga sidii, inapiga VCD, inapiga zile za kuchoma zenye MP3 mia na kitu, nyingi zina na tundu la fleshi, waya wa njano unaenda kwenye tivii, mwekundu na mweupe kwenye sabufa, kazi imeisha. Hilo la VCD msilidharau, kwaya nyingi zilitoka kwa VCD na redio ya sidii ya kawaida haisomi picha, itazungusha weee halafu inakuandikia NO DISC, unaenda kumgombeza muuzaji kumbe mashine nzima kabisa. Ubaya wa deki, nyingi hazina kioo cha kueleweka, bila kuwasha tivii hujui uko wimbo wa ngapi, na rimoti ikipotea ndo umekwisha.

Namba mbili, redio ya mkono yenye mfuniko wa sidii juu. Tanesco wakikata unaweka mawe makubwa maisha yanaendelea, shambani Uyole unaenda nayo. Ila sidii inakula betri kuliko kusikiliza stesheni, kuna mota inazungusha na laiza inawaka muda wote. Sauti ya kawaida tu. Na mfuniko ukiusahau wazi, vumbi la kiangazi linatua moja kwa moja kwenye lenzi.

Namba tatu, redio kubwa za mtumba toka Japani, zile za sidii tatu. Sauti yake jamani acheni tu, ukisikia besi unasahau shida. Hapa ndo nilipoumia mimi miaka ya nyuma, jamaa kaniuzia, nimefika nyumbani nimechomeka ukutani, sekunde kadhaa harufu, halafu moshi. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Geuza nyuma soma kibandiko, ukikuta AC 100V basi ujue unanunua na transfoma ya kushusha umeme, hiyo hela ihesabu humo humo kwenye bei. Na hizi lenzi zake zimeshazeeka, spea kuzipata ni kuhangaika na mafundi.

Kwa hiyo dukani nenda na sidii yako, tena ya kuchoma, ile ya chini rangi ya bluu au kijani, siyo orijino. Ya kuchoma inarudisha mwanga kidogo, lenzi iliyochoka inagoma hapo kwanza. Piga wimbo wa kwanza halafu ruka mpaka wa mwisho, sidii inasomwa kutoka katikati kwenda pembeni, zenye ugonjwa nyingi zinaanza vizuri zinakuja kurukaruka mwishoni. Muuzaji akisema "hiyo haina shida bosi" huku anakuwekea fleshi, ondoka.

Zile ndogo za kutembea nazo na hedifoni, sizipangi hata namba, kwenye daladala ya Tunduma kila tuta wimbo unaruka. Za kwenye gari ni sawa, ila ikiwa ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, FM yake ya zamani inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, utabaki na sidii tu.

Halafu asubuhi ya baridi ukiitoa mashine stoo ukaileta sebuleni kwenye joto, lenzi inashika ukungu haisomi kitu. Iache kama lisaa, usikimbilie kwa fundi.

Mama nimemchukulia deki. Sidii tatu zimegoma, zimechunika upande wa maandishi, maana miaka yote alikuwa anazilaza kifudifudi akiulinda upande unaong'aa. Kumbe nyimbo zenyewe zimekaa chini kidogo tu ya maandishi, huku kwenye kung'aa kuna plastiki ya milimita 1.2 inayozikinga. Sasa hivi ananiuliza nani alimwambia azilaze vile, na ni mimi.