Ardhi ya jamii Kenya: isajiliwe au ibaki chini ya amana ya kaunti?

Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ardhi ya jamii isiyosajiliwa mikononi mwa kaunti, kwa niaba ya wenyewe; hiyo ndiyo amana. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kaunti kuiuza. Ulinzi huu hauhitaji mpimaji wala faili, na hapo ndipo amana inaposhinda: gharama.

Uaminifu ni jambo jingine. Endorois, jamii ya wafugaji wa Bonde la Ufa, walikuwa na amana, chini ya baraza la kaunti la enzi hizo, na bado waliondolewa Ziwa Bogoria ilipotengwa hifadhi miaka ya 1970. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa haki, katika uamuzi uliotangazwa 2010. Tena serikali ikitwaa ardhi isiyosajiliwa, fidia hukaa kwenye akaunti ya kaunti mpaka jamii isajiliwe.

Usajili unaipa jamii yenyewe usemi: kuuza kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa. Lakini kazi ipo. Mkutano wa hadhara, kamati ya watu 7 hadi 15, orodha ya wanachama, katiba ndogo, kisha upimaji. Mambo hukwama kwenye orodha, wajane na vijana wakiachwa nje, na kwenye mipaka ya malisho inayotumiwa na majirani msimu wa kiangazi. Na kamati isiyoitisha mikutano huzaa udalali wa ardhi.

Mwekezaji au barabara kuu ikinukia, sajilini mapema. Mpaka ukiwa na mgogoro, patanishaneni kwanza kwa maandishi, huku mkiiandikia kaunti kuikumbusha wajibu wake. Walio ndani ya msitu wa serikali, kama Waogiek wa Mau, njia yao ni mahakama.