Carvaan ya Saregama: nyimbo 5,000 za Kihindi, lakini huchagui wimbo

Anayetaka wimbo fulani, kwa jina lake, na anautaka sasa hivi, asitoe hela yake kwa Carvaan. Simu itamtosha. Chombo hiki, kilichoingizwa sokoni na Saregama mwaka 2017, ni redio yenye umbo la transista za zamani, na ndani yake zimekwishawekwa nyimbo 5,000 za picha za Kihindi. Hakina pa kuandika jina la wimbo. Unachagua mtu, mwimbaji au mtunzi, kisha unapokea kinachokuja. Wengi hulalamikia jambo hilo, nalo ndilo linalotufanya tukipendekeze.

Kwanza tuseme nyimbo zenyewe zinatoka wapi, maana hapo ndipo tofauti na flashi za madukani inapoanzia. Saregama ndiyo ile Gramophone Company of India, wenye nembo ya HMV, iliyobadili jina mwaka 2000. Sehemu kubwa ya nyimbo za miaka ya 1950 na 1960 ilitoka kwenye santuri zao, kwa hiyo Carvaan inakupa rekodi ya asili. Flashi ya bei rahisi yenye “Old Hindi 1000” mara nyingi ina uchafu wa aina mbili. Wa kwanza ni jhankar, yaani wimbo wa zamani uliobandikwa ngoma za mashine na mwangwi, mtindo uliovuma miaka ya 1980 na 1990. Kuutambua ni rahisi: sikiliza pale tabla, ngoma ya Kihindi ya mikono miwili, inaponyamaza ili mwimbaji avute pumzi. Ngoma ikiendelea kugonga kama saa ya ukutani, hiyo ni jhankar. Uchafu wa pili ni nyimbo zilizoimbwa upya na watu wengine. T-Series, kampuni ya kanda ya India, walijenga biashara yao ya mwanzo kwa kanda za namna hiyo, na mwimbaji Sonu Nigam mwenyewe alianza kujulikana kwa kuimba nyimbo za Mohammed Rafi, mwimbaji wa zamani. Hakuna ubaya, ila anayelipia Rafi apewe Rafi.

Sasa tuje kwenye kitufe cha mviringo. Ukikizungusha, majina ya wasanii yanapita kwenye kidirisha: waimbaji, watunzi wa muziki, washairi. Wanunuzi wengi husimama kwa waimbaji Lata Mangeshkar, Rafi, Kishore Kumar na Mukesh, wakaishia hapo miaka yote. Wanakosa nusu ya thamani. Jaribu mtunzi O. P. Nayyar. Sikiliza nyimbo kumi mfululizo, nawe utaanza kusikia mambo mawili. La kwanza ni ule mdundo wa kwato za farasi wa kukokota tonga, gari la abiria la huko India, anaourudia wimbo baada ya wimbo bila kuchosha. La pili ni kwamba kuna Geeta Dutt, kuna Asha Bhosle, kuna Rafi, lakini Lata hayupo hata kwa dawa. Nayyar hakumtumia Lata, katika enzi ambayo watu waliamini mtunzi hawezi kufanikiwa bila yeye. Toka hapo nenda kwa Madan Mohan: ghazali, taratibu, na Lata karibu kila mahali. Kisha Shankar-Jaikishan, wenye okestra kubwa ya vinanda vya nyuzi, iliyopangiwa muziki na Sebastian D’Souza, Mgoa. Vinanda vyao havimsindikizi mwimbaji tu, vinamjibu, na kipande kati ya beti mbili ni utunzi kamili unaojitegemea. Kwa njia hiyo sikio linajifunza kumtambua mtunzi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Orodha ya simu inayokuletea “nyimbo bora za Rafi” haikufundishi hilo, kwa sababu inachanganya watunzi ishirini kwa mpigo.

Mpenzi wa taarabu ya Mombasa atapata na nyongeza. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo hizi, na mtu aliyemzoea atakuwa anashtuka kila baada ya muda: kumbe ile ilitoka huku!

Kuna pia sehemu ya Geetmala. Mwaka 1952 redio ya serikali ya India iliziminya nyimbo za filamu, wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon, na Desemba mwaka huohuo mtangazaji Ameen Sayani akaanza huko kipindi chake cha Geetmala, ambacho baadaye kilikuja kuzipanga nyimbo kwa umaarufu. Kwenye Carvaan unamsikia mwenyewe akizungumza na kutambulisha nyimbo. Asiyejua Kihindi atachoka na maneno. Anayekijua hata kidogo atakaa hapo wiki nzima.

Yanayokosekana. Kampuni nyingine zilipoingia kwa nguvu miaka ya 1970, haki zikagawanyika. Muziki wa Sholay, kwa mfano, ulitoka kwa Polydor mwaka 1975, kwa hiyo usiutegemee humu. Kwa enzi ya dhahabu yenyewe pengo ni dogo. Kwa anayependa zaidi miaka ya 1975 hadi 1990, pengo ni kubwa na tungemshauri aachane nayo.

Jambo jingine: hizi ni rekodi za santuri, hazikunyofolewa kwenye filamu. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba dakika tatu na ushee, basi wimbo mrefu ulikatwa. Ukikosa ubeti unaoukumbuka kutoka kwenye picha, redio haijaharibika. Na waliozoea kanda za video za mfumo wa PAL wasishangae sauti ikiwa nzito kidogo. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, PAL huendesha 25, kwa hiyo wimbo wa kwenye kanda ulikimbia kwa asilimia 4 na sauti ikapanda.

Kwa usikivu, spika zake ni ndogo lakini zinatosha, kwani nyimbo nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilirekodiwa mono, yaani sauti ya njia moja, na uzito wake uko kwenye sauti ya mtu. Kinachopotea ni mkono wa kushoto wa tabla, ule mvumo wa chini. Isogeze karibu na ukuta, mvumo unaongezeka. Usiiweke juu ya kabati la vyombo, glasi zitaitikia kila pigo la ngoma ya dholaki. Usifungulie hadi mwisho: noti za juu za Lata zinaanza kukwaruza. Kipimo kizuri ni “Aayega Aanewala” wa mwaka 1949, unaoanza kwa sauti ya mbali isiyo na mdundo. Weka kiwango ambacho unasikia mwanzo ule bila kuinama, na bado wimbo ukikolea haukupigi kelele.

Betri hukaa kama saa 5 ikiwa mpya. Modeli ya kwanza huchajiwa kwa waya mdogo wa micro USB, na tundu la aina hiyo hulegea mtu akiwa anachomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika kichwa chake. Ikija na plagi ya India, haitaingia kwenye soketi zetu za pini tatu za mraba. Tumia kichwa cha chaji ya simu cha volti 5. Redio ya FM inafanya kazi huku bila tatizo, bluetooth pia, na ukichomeka flashi yenye MP3 zako isipoonekana, iformati kwa FAT32.

Bei ilipotoka ilikuwa karibu rupia 6,000 huko India. Usafiri na faida ya muuzaji vinaweza kuipandisha sana. Anayeagiza aangalie asiletewe Carvaan ya Kitamil, Kibengali au Kimarathi, kwani zipo na zinafanana kwa umbo. Wala asikubali Carvaan Mini, ile ndogo, kwa bei ya kubwa: Mini ina nyimbo karibu 250 tu na haina kuchagua msanii, yaani haina kile tulichokisifia juu. Dukani, kabla ya kulipa, zungusha kitufe kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, na kikiruka majina, omba nyingine.