Siku nne za kupiga picha Unguja: uzoefu wangu

Kamera yangu, Canon EOS 2000D niliyoinunua mtumba Kariakoo, ilikaa kabatini karibu mwaka mzima. Nilikuwa naitoa siku za harusi tu, naiachia ijiamulie kila kitu, halafu nikirudi nyumbani kutazama picha roho inasinyaa. Nyuso za ndugu zangu zimemezwa na giza hadi macho hayaonekani, na shela la bibi harusi limeungua kwa weupe. Video za mtandaoni nimetazama nyingi, zimenisaidia, ila kuna mahali unafika unahitaji mtu asimame pembeni yako aone mkono wako unafanya nini. Ndiyo maana nikalipia warsha ya siku nne Unguja: shilingi 680,000, malazi na chai ya asubuhi humo humo, nauli ya boti kutoka Dar juu yangu.

Pesa yangu ilirudi siku ya kwanza, kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe. Mwalimu alimwomba mzee mmoja, fundi cherehani, tumpige picha. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, jua la asubuhi limempiga moja kwa moja. Nikapiga. Kanzu safi, uso giza, yaleyale ya harusini. Akatueleza kwamba kamera haijui inatazama nini: inapima mwanga uliomo kwenye fremu na kuuvuta uelekee kijivu cha kati. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeumia ni mwenye uso. Sisi watu weusi tunaumia zaidi.

Kisha akamwomba mzee arudi hatua mbili tu, aketi barazani kwake, kivulini, uso aelekeze ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na ukuta uliopakwa chokaa, umepigwa na jua. Vichochoro vya pale ni vyembamba, kwa hiyo ukuta ulikuwa unamrudishia mwanga laini kama shuka jeupe lililotandazwa mbele yake. Nikabadili kamera ipime sehemu ndogo ya katikati tu, nikaielekeza kwenye shavu la mzee. Lenzi ya milimita 50, tundu la kuingizia mwanga f/2.8, shata (muda wa mwanga kuingia) 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200. Picha ilipotokea kwenye kioo niliona mikunjo ya pembeni mwa macho, uzi uliokuwa umening'inia mdomoni mwake, hadi darizi ya kofia. Nilikuwa nimeishi na ile kamera mwaka mzima na sikuwahi kujua inaweza kuuona uso wa mtu wetu namna ile.

Kitu cha pili nilichokipenda ni adabu. Hakuna kuchomoa kamera kabla ya salamu. Unatoa salamu, unajitambulisha, unaeleza picha ni ya nini, na ukikataliwa unashukuru na kuondoka. Na aliyekubali lazima apate picha yake imechapishwa, si kuoneshwa kwenye kioo tu. Wenzetu wawili waliotoka Nairobi mwanzo waliona inachelewesha kazi, ila kufikia siku ya tatu ndio waliokuwa wakikaribishwa kahawa kila baraza.

Sasa malalamiko. Tuliambiwa tutakuwa wanane. Tukajikuta kumi na wanne, mwalimu mmoja. Ukitaka akuangalie unapanga foleni, na wapole kama mimi tunasukumwa nyuma. Hilo lirekebishwe.

Kubwa zaidi ni safari ya Jambiani, siku ya pili. Ratiba iliandika "kina mama wa mwani, mwanga wa alfajiri". Tukaamshwa saa tisa usiku, tukafika pwani kabla ya jua kuchomoza, na bahari imejaa! Mashamba ya mwani yote chini ya maji. Ilikuwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, na siku za bamvua kule maji yanakupwa vizuri kuelekea saa nne asubuhi, si alfajiri. Hili halihitaji kamera wala shahada, mvuvi yeyote angewaambia. Tulikaa mchangani karibu masaa matatu, na huku kwetu karibu na ikweta jua halisubiri mtu: saa mbili asubuhi mwanga ule wa dhahabu umeshakwisha. Nilikasirika, na niliwaambia waandaaji palepale.

Lakini nitoe haki yake mwalimu, maana hakutuacha tupoteze usingizi bure. Maji yalipotoka akatuonesha kwamba mchanga mweupe uliolowa unarudisha mwanga kutoka chini, unaingia hadi ndani ya mtandio na kuujaza uso ambao jua la juu lingeutia kivuli. Yule bibi niliyemwendea alikuwa amechuchumaa, maji ya magoti, anafunga vishada vya mwani kwenye kamba iliyovutwa baina ya vijiti viwili. Nikamwamkia, shikamoo bibi. "Marahaba, mwanangu. Sura yangu usinipige. Piga mikono, ndiyo inayofanya kazi." Nikapiga mikono. Vidole vimekunjamana kwa chumvi, fundo linaingia bila yeye kulitazama. Ndiyo picha yangu bora mpaka leo.

Siku ya tatu jioni tulikuwa Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe. Bamvua ileile iliyotukosesha alfajiri ikatulipa, maji yamejaa na vijana wanaruka kutoka ukutani. Shata 1/1000, unasubiri aliye angani ajinyooshe, unapiga. Nimeharibu kama mia na nimepata tatu.

Kabla ya hapo tulipitia Capital Art Studio, studio iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Wengine walipita haraka, mimi nilitaka kubaki. Kuta zimejaa Zanzibar ya nyeusi na nyeupe, majahazi, mitaa, watu. Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, imesimama nzima kwenye picha pale ukutani, wakati nje sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Nilimfikiria marehemu babu yangu, ambaye tuna picha yake moja tu, ya kitambulisho.

Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda: kamera ya bei haihitajiki, mwenzetu mmoja alitumia simu na kazi yake ilipendeza. Beba betri ya pili na kandambili za kuingilia majini. Uliza idadi ya watu kabla hujalipa, na tarehe ziangalie na mwezi wewe mwenyewe. Usikose vikao vya usiku, pale kila mtu anaweka picha tano na zinachambuliwa mbele ya wote. Vinauma, lakini humo ndimo nilimojifunza kukata fremu.

Mimi nitarudi, kwa sharti kundi liwe dogo.

Picha ya mikono niliichapisha Dar, nikamtumia bibi kwa mtu wa boti. Juzi mjukuu wake kanipigia. Imefika salama, ila bibi anauliza ile nyingine, alipokuwa anavuta kamba, iko wapi. Naichapisha Jumamosi.