FGF-2 ya Binadamu kwa Kukuzia Seli: Unga Mzuri, Maisha Mafupi

Bidhaa yenyewe ni kichupa cha mikrogramu 50 za FGF-2 ya binadamu (protini inayochochea seli kukua na kugawanyika), iliyozalishwa ndani ya bakteria E. coli, ikagandishwa na kukaushwa bila kuongezwa albumini (protini ya damu inayotumika kama kinga). Kwa kukuza seli shina na faibroblasti inafaa kabisa, mradi ratiba yako ifuate joto la inkubeta na si tarehe iliyo kwenye lebo.

Kutoka kwa bakteria si kasoro hapa. FGF-2 haihitaji minyororo ya sukari ili ifanye kazi, tofauti na erithropoietini, homoni ya kuchochea chembe nyekundu za damu. Hii ina asidi amino 154, uzito wa takriban kilodaltoni 17. Ipo pia ya 146, nayo hufanya kazi, ila usibadilishe katikati ya jaribio.

Ukikitazama kichupa utadhani ni kitupu. Unga ni utando mwembamba ulioshika ukutani, pengine hata chini ya kifuniko, kwa hiyo kizungushe kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua. Teremsha mikrolita 500 za bafa ya Tris (5 mM, pH 7.6) taratibu ukutani, subiri dakika 10 hadi 15, kisha geuzageuza polepole. Voteksi (mashine ya kutikisa) hapana, maana povu huiharibu protini. Sasa una mikrogramu 100 kwa kila mililita. Ukitaka kuipunguza zaidi, tumia bafa yenye albumini asilimia 0.1. Protini ikiwa nyepesi na peke yake hunata kwenye plastiki, na utakachovuta kwa pipeti ni maji matupu. Chujio la mikroni 0.22 nalo huimeza vivyo hivyo. Ikilazimu kuchuja, lowanisha utando wake kwanza kwa albumini.

Gawa katika tyubu 10 za polipropilini, mikrolita 50 kila moja, uweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Tyubu moja ina mikrogramu 5: inatosha mililita 50 za midia kwa kiwango cha nanogramu 100 kwa mililita, au mililita 500 kwa nanogramu 10. Iliyoyeyuka isirudi friza.

Tatizo kubwa ni joto. Katika midia ya nyuzi 37, sehemu kubwa ya nguvu ya FGF-2 hupotea kabla ya saa 24 kwisha. Seli shina za binadamu huonyesha mapema: kingo za koloni, zilizokuwa laini na zimebanana, huanza kulegea na kutawanyika, kisha seli hubadilika aina. Wengi hulaumu kichupa na kuagiza kingine, kumbe midia ilirukwa siku mbili za mapumziko. Badilisha midia kila siku. Heparini, aina ya sukari ndefu inayoshikamana nayo, huikinga protini kwa kiasi. Kuna pia FGF-2 zilizobadilishwa asidi amino chache ili zistahimili joto. Hizo hukupunguzia safari za Jumapili, lakini si mfuatano halisi wa binadamu tena.

Kwenye cheti cha toleo, usiishie kwenye asilimia ya usafi. Tafuta ED50 (kiwango kinachotoa nusu ya mwitikio wa juu kabisa) ya seli za panya za BALB/3T3: ikiwa ndogo, protini ina nguvu zaidi. Gawa milioni moja kwa ED50 ya nanogramu kwa mililita upate yuniti kwa miligramu. ED50 ya 0.5 ni yuniti milioni 2. Omba pia picha ya jeli (inayotenganisha protini kwa ukubwa) isiyotumia DTT, kemikali inayovunja vifungo kati ya sisteini. Sisteini (asidi amino zenye salfa) zilizo wazi juu ya protini hushikana zikioksidishwa, na mstari karibu na kilodaltoni 34 maana yake molekuli zimeungana mbilimbili. Jeli yenye DTT huuficha mstari huo.

Endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria, hupimwa kwa yuniti za EU) isiyozidi EU 0.1 kwa mikrogramu, ukitumia nanogramu 100 kwa mililita, huleta EU 0.01 tu kwenye kila mililita ya midia. Faibroblasti hazijali. Monosaiti, seli nyeupe za kinga, hujali sana, kwa hiyo cheti kinachoruhusu EU 1 kwa mikrogramu kisikubaliwe kwa seli hizo.

Aina isiyo na albumini ndiyo ya kununua ukitaka kuifunga protini na biotini au rangi, kwa sababu albumini ingenyakua karibu rangi yote. Kwa kulisha seli tu, yenye albumini haisumbui kuyeyusha, isipokuwa midia yako isiruhusu chochote kitokacho kwa mnyama.