Kompyuta yangu ya kurekodia sauti nyumbani Moshi: vifaa nilivyochagua na ninavyoviona sasa

Mashine hii nimeiunganisha kwa kazi moja, kurekodi sauti. Nasoma matangazo ya biashara, naingiza sauti za wanakwaya wanaokuja wawili watatu jioni baada ya mazoezi, na mara mojamoja chalii wa Majengo analeta biti yake kwenye flashi anataka kuweka mistari. Yote yanafanyika kwenye chumba kimoja, nyumbani, hapa Moshi. Sina chumba cha pembeni cha kuficha kompyuta. Maiki na mashine vinaishi pamoja, na hilo ndilo lililoamua karibu kila kifaa nilichonunua.

Kwa wenye haraka: prosesa ni Ryzen 5 5600G, madabodi (bodi kuu) ya B550, ramu GB 16 za DDR4, SSD (diski isiyozunguka) ya NVMe ya GB 500, kipoza joto cha Noctua NH-U12S, pawa saplai ya wati 550, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na saundikadi ya nje ya Focusrite Scarlett 2i2, inayoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta. Programu ya kurekodia ni Reaper. Kadi ya grafiki hakuna.

Hilo la mwisho lilizua mjadala dukani Arusha.

"Dada, mashine bila kadi ya grafiki utaijutia," kijana wa dukani aliniambia, na tayari alishashusha boksi lenye picha ya feni tatu.

"Mimi sichezi gemu, kaka. Narekodi sauti."

"Hata sauti inataka nguvu."

Inataka, ila si nguvu ile. Kazi ya sauti kwenye programu za kurekodi inabebwa na prosesa. Kadi kubwa ingeniletea feni nyingine, joto na bili ya umeme, na draiva (programu za kuendesha kadi) za baadhi ya kadi hizo zina tabia ya kuikatiza prosesa kwa vipindi vifupi mno. Macho hayaoni kitu, lakini kwenye hedifoni unasikia "tak". Grafiki iliyomo ndani ya 5600G inanitosha kwa skrini mbili. Anayependelea Intel achukue Core i5-12400, nayo ina kori 6 (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) na grafiki ya ndani. Aangalie tu jina lisiishie na herufi F. Ile 12400F haina grafiki, na bei yake ya chini inavutia sana ukiwa umesimama kaunta.

Kuhusu prosesa yenyewe, watu wengi huhesabu kori. Mimi naangalia kama inaweza kumaliza kazi kwa wakati, kila mara, bila kuchelewa hata kidogo. Saundikadi hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuikabidhi kompyuta, na ukubwa wa fungu ndio bafa. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 inakula milisekunde 21 hivi. Ya 128 haifiki 3. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo bafa ya 1024 ni sawa na kujisikiliza ukiwa umesimama mita 7 kutoka mdomo wako mwenyewe, na hapo hujahesabu njia ya kurudi. Mwimbaji wa alto ukimvisha hedifoni katika hali hiyo, anaanza kuvuta maneno. Anasubiri sauti yake imfikie ndipo aendelee, kinanda kinamwacha, kisha anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyebadilisha wimbo.

Najua saundikadi nyingi, hii yangu ikiwemo, zinamruhusu mtu kujisikia moja kwa moja bila kupitia kwenye kompyuta. Lakini kina mama wa kwaya wanataka rivabu, ule mwangwi kama wa ukumbini, masikioni, bila rivabu wanasema sauti ni kavu, na rivabu inatoka kwenye kompyuta. Kwa 5600G narekodi kwenye 128, rivabu na kompresa (inayobana sauti zilizo kubwa) zikiwa zimewashwa, na sauti haikatikikatiki. Nikifika kwenye miksi, yaani kuchanganya sauti zote, na plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) zimejaa, napandisha hadi 1024, maana wakati huo hakuna anayeimba. Wi-Fi naizima kabla ya kurekodi na mpangilio wa umeme wa Windows nauweka kwenye utendaji wa juu. Ni mambo ya bure, na yaliondoa zile "tak" chache zilizokuwa zimebaki.

Sasa feni. Hapa ndipo ningemwambia mtu amwage pesa kabla hajafikiria prosesa kubwa zaidi. Feni ndogo inayokuja kwenye boksi la prosesa inapoza vizuri tu, ila kwa udogo wake lazima izunguke kwa kasi, na mlio wake ni ule mwembamba ambao maiki ya kondensa inaudaka bila kukosa. Tatizo halionekani unaporekodi. Linaonekana unapotengeneza. Tangazo lenye sauti nzito, ya karibu, limepitia kompresa: ukibana desibeli 10 kisha ukarudisha ujazo kwa desibeli 10, mvumo wa feni nao umepanda 10. Kila msomaji anapotulia avute pumzi, mvumo unaibuka. Akianza tena neno, unazama. Mteja hatajua ni nini, atakwambia tu kwamba sauti "haijakaa".

NH-U12S iliagizwa Dar ikaja na basi. Ina bati pana za kutawanya joto na feni ya milimita 120 isiyozidi mizunguko 1500 kwa dakika, nami kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya madabodi) nimeiwekea iende polepole mpaka prosesa ifike nyuzi joto 60. Wakati wa kurekodi haifiki huko. Kuna jambo la kupima kabla ya kulipa: kipoza joto hiki kina urefu wa milimita 158, na makasha mengi membamba yanayouzwa mjini hayafungi mfuniko kikiwa ndani. Mimi nilienda dukani na futi kamba ya fundi cherehani.

Mahali pa kuiweka nako kuna maana yake. Kasha liko sakafuni chini ya meza, kwa sababu likiwa juu ya meza mtetemo unapanda kwenye stendi ya maiki. Maiki yangu ni ya kadioidi, upande wa nyuma inasikia kidogo sana, basi mgongo wake ndio unaoelekea kompyuta. Kwa vumbi letu la Januari na Februari, kichujio cha mbele nakitoa na kukipiga brashi mara kwa mara. Bati zikishajaa vumbi joto linapanda, feni inakimbia, na pesa ya Noctua imekwenda na maji.

Ramu sina la kusema sana. GB 16 zinatosha kwa sauti za watu na gitaa. Anayepakia okestra nzima ya sampuli aanze na 32. Chukua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, grafiki ya ndani inafaidika. SSD sikuinunua kwa ajili ya kasi ya kurekodi: traki moja ya biti 24 kwa 48,000 ni kama MB 8.6 kwa dakika, na traki 8 kwa saa nzima hazizidi GB 4.2 hivi, kiasi ambacho hata diski ya kuzunguka inakimudu. Niliinunua kwa sababu haina kinachozunguka. Kazi zilizokwisha nazihamishia kwenye diski ya nje.

Umeme ndio uliotaka kunirudisha nyuma. Pawa saplai ya kwanza, chapa sitaitaja, ilikuwa na mlio kama wa mbu kila nilipopeleka kipanya haraka kwenye skrini. Duka liliibadilisha baada ya mabishano kidogo. Niliyo nayo sasa haizungushi feni yake mzigo ukiwa mdogo, na kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki mzigo karibu wakati wote ni mdogo.

UPS msiinunue kwa kuangalia VA, kile kipimo cha ukubwa wake, peke yake. Nyingi za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa wimbi la ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi. Mashine inazimika palepale umeme unapokatika, yaani kazi uliyoinunulia UPS ndiyo inayoishinda. Omba wakuwashie mashine yako hapo dukani kisha wachomoe waya ukutani. Na iwe na kitufe cha kunyamazisha king'ora, kwa sababu kile "piii" kikiingia katikati ya ubeti hakitoki.

Kisha kulikuwa na mngurumo. Gitaa la umeme likichomekwa linanguruma chini kwa chini, herzi 50 zilezile za umeme wetu. Nikishika nyuzi unapungua, nikiachia unarudi. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha tundu la USB. Fundi umeme alipofungua soketi alikuta waya wa ardhi umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta, haujaunganishwa popote. Alichimbia fimbo ya shaba nje karibu na migomba, akavuta waya, na mngurumo mwingi ukaondoka siku hiyo hiyo. Hakuna saundikadi ya bei yoyote ingelitatua lile.

Nisichokifurahia? 5600G ina kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16, nusu ya ile ya 5600X, na kwenye miksi yenye plagini nzito naona mzigo unapanda mapema kuliko ningependa. Pia kuna wakati najiuliza kama ningechukua Mac mini ya M1, ile ya 2020, ambayo ina feni lakini ni nadra uisikie. Kilichonizuia ni kwamba ramu yake haiongezeki baada ya kununua, na ikizingua sijui nitampelekea fundi gani hapa mjini. Hii yangu kila kipande kinafunguka kwa bisibisi moja.

Reaper leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, na unaijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Kwa hiyo pesa iliyobaki ilikwenda kwenye magodoro mawili ya kuegesha ukutani na mapazia mazito. Mvua za masika bado zinanishinda. Zikianza kupiga bati, maiki nafunga, nahamia kwenye miksi, na waimbaji nawaandikia waje kesho.